SAUTI ILIYOTUULIZA SWALI MOJA
Kumkumbuka mtangazaji Leonard Mambo Mbotela (1940–2025)

(Hotuba ya mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, iliyotolewa katika jioni ya kumbukumbu, juma la Jubilei ya miaka 100 ya usharika wetu)



Kamati ya Jubilei ilinipa kazi ya kusema machache juu ya redio katika maisha ya usharika huu. Kazi hiyo ni nyepesi, kwa sababu hapa hakuna mtu wa umri wangu asiye na kisa cha redio. Lakini pia ni nzito, kwa kuwa redio ni chombo tu, na wenye historia ni watu waliosema ndani yake pamoja na watu waliowasikiliza. Kwa hiyo niliiomba Kamati iniruhusu nimzungumzie mtu mmoja badala ya chombo. Mtu huyo ni marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Kenya, aliyefariki dunia tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84.

Najua wako wanaojiuliza: mtangazaji wa Nairobi, mtoto wa misheni ya Kianglikana ya Mombasa, anaingiaje katika kitabu cha kumbukumbu cha usharika wa Kilutheri chini ya Kilimanjaro? Jibu langu ni kwamba kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa jirani yetu kwa sauti. Tulimjua kwa jina moja tu, Mambo. Swali lake liliingia majumbani mwetu, likaingia katika mabishano ya watani, na mwaka mmoja, kama nitakavyoungama hapa mbele yenu, likaingia hata katika baraza letu la wazee na kubadili utaratibu wa usharika.

Niruhusuni nianze na redio zenyewe, ili vijana wapate picha. Katika miaka ya 1960 redio za eneo hili zilihesabika kwa vidole. Moja ilikuwa ya Mwinjilisti wetu mzee, ambaye wengi mnamkumbuka. Ilikaa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kugusa kifundo chake. Betri zilipochoka zilianikwa juani juu ya ukuta, na zikipata joto redio iliongea tena kwa siku mbili tatu. Jioni watu walikuja kwake bila kualikwa, wakakaa kimya.

Tulisikiliza stesheni tatu. Ya kwanza ilikuwa Redio Tanzania, na matangazo yake ya vifo yaliwafanya watu wasimamishe hata jembe. Ya pili ilikuwa Sauti ya Injili. Kituo hicho kilikuwa cha Shirikisho la Walutheri Duniani na kilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa mwezi Februari 1963, miezi michache kabla ya makanisa yetu saba kuungana na kuwa KKKT mwezi Juni mwaka uleule. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa papa hapa Moshi, vikasafirishwa kwa kanda hadi Ethiopia, na kutoka huko vikarudi kwetu kwa njia ya anga. Tuliona fahari kubwa kusikia kutoka Addis Ababa sauti za watu tuliokutana nao sokoni Moshi. Ya tatu ilikuwa Sauti ya Kenya. Sisi wa upande huu wa mlima, ambao Taveta iko karibu kuliko miji mingi ya nchi yetu wenyewe, tuliipata vizuri sana, hasa usiku.

Katika Sauti ya Kenya ndimo alimokuwa Mambo.

Leonard Mambo Mbotela alizaliwa mwaka 1940 Freretown, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Ni lazima nieleze Freretown ni nini, maana bila hiyo hamtalielewa swali lake. Katika miaka ya 1870 wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walianzisha pale makazi ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Watu hao walikuwa wametekwa bara, wengine wametoka nchi za Ziwa Nyasa, wakapakiwa majahazini ili wakauzwe, na manowari za Waingereza zikayakamata majahazi hayo baharini. Walifika Freretown bila ukoo na bila shamba, na wengi wao bila hata jina walilopewa na mama zao. Pale makazini palitundikwa kengele. Wafanya biashara ya watumwa walipoonekana wanakaribia, kengele ile ililia ili watu wajifiche. Kengele hiyo ingalipo, na mahali pale mpaka leo panaitwa Kengeleni.

James Mbotela, wa ukoo wa Leonard, alikuwa mtu wa jamii hiyo. Ndiye aliyeandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934, ambacho wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki walikisoma darasani. Ndani yake aliyaweka masimulizi ya wazee wake juu ya kutekwa, safari ya baharini, kuokolewa na kuanza maisha upya. Kwa hiyo Leonard alikulia katika nyumba ambamo utumwa ulikuwa habari ya ukoo, iliyosimuliwa na watu waliojua majina ya waliotekwa.

Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, mwaka ambao shirika hilo lilipewa jina hilo baada ya uhuru. Alisoma habari na kuendesha vipindi, na kwa wapenzi wa mpira alikuwa mfalme. Mimi sijawahi kukaa katika uwanja wa Nairobi, lakini ujanani ningeweza kuwaeleza wachezaji wa Kenya wanavyokimbia, nani mrefu, nani hutumia mguu wa kushoto, kwa sababu Mambo alikwisha kunionyesha. Alikuwa na Kiswahili cha pwani kilichonyooka, na kila neno alilitamka mpaka mwisho. Mimi niliyefundisha Kiswahili shuleni kwa miaka 34 nawaambia kweli kwamba nilijifunza kwake mambo mengi ambayo chuoni sikufundishwa. Mtu anaweza kusema kwa kasi bila kumeza silabi, na anaweza kuwachekesha watu bila kumtukana mtu.

Kisha mwaka 1966 akaanzisha kipindi ambacho ndicho kilichomfanya awe Mambo wetu: Je, Huu ni Uungwana? Kipindi hicho kilidumu zaidi ya nusu karne, kwanza redioni na baadaye hata katika televisheni. Ndani ya kipindi hakuhubiri. Alieleza tu jambo ambalo watu hulitenda kila siku: mtu anayeazima kitu asikirudishe, mtu anayetema mate njiani mbele ya wenzake, mgeni anayechungulia sufuria za mwenyeji, mtu anayeruka foleni kwa sababu ana cheo. Alieleza taratibu, kwa mzaha kidogo, hata ukamwona mtu huyo mbele yako na ukamcheka. Halafu akauliza lile swali. Na ilikuwa hapo hapo, ungali unacheka, ndipo ulipokumbuka panga la jirani lililolala nyumbani kwako tangu msimu uliopita.

Sasa, wapendwa, litazameni neno lenyewe. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, mwungwana hakuwa mtu mwenye adabu tu. Mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaojulikana, asiye mtumwa wala mzawa wa mtumwa. Uungwana ulirithiwa kwa damu. Kwa kipimo hicho cha zamani, watu wa Freretown hawakuwa waungwana, na hawangeweza kuwa hata wangetenda mema mangapi. Watoto wao na wajukuu wao walisemwa kwa jambo hilo kwa muda mrefu.

Mtoto wa nyumba hiyo ndiye aliyelichukua neno lile lililowafungia wazee wake mlango, akaligeuza kuwa swali kwa watu wote. Hakumuuliza mtu ukoo wake wala alikozaliwa. Aliuliza juu ya tendo: jambo hili ulilomtendea mwenzako, ni la mwungwana? Kwa zaidi ya miaka 50 aliwazoesha mamilioni ya wasikilizaji kuelewa kwamba uungwana hupatikana kwa namna mtu anavyomtendea mwenziwe, na kwamba mwenye ukoo mkubwa anaweza kuukosa. Sijui mhubiri mwingine wa neno moja aliyedumu katika mimbari yake muda mrefu hivyo.

Naja sasa katika mwaka 1977, mwaka mgumu kwetu watu wa mpakani. Mwezi Februari mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika. Hapa kwetu jambo hilo lilikuwa na uzito wa nyumbani. Kuna akina mama walioolewa Taveta ambao hawakuweza kuja kuwazika wazazi wao. Mwezi Machi mwaka uleule, serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliichukua Sauti ya Injili kwa nguvu za askari na kuifanya sauti ya mapinduzi. Mwinjilisti aligeuza kifundo chake usiku ule na usiku uliofuata, akakuta sauti ngeni. Nilikuwapo. Alizima redio, akaifunika kitambaa chake, akasema, "Wameichukua nyumba pamoja na vyombo."

Mpaka ulifunguliwa tena mwezi Novemba 1983. Katika miaka yote hiyo ya kufungwa, mawimbi ya redio yalipita Holili bila kuonyesha pasi. Magazeti na hotuba za pande zote mbili zilikuwa na maneno makali, lakini jioni sisi Watanzania tulikaa na kumsikiliza Mkenya akitufundisha kuishi na jirani. Hiyo ndiyo sababu ninasema alikuwa jirani yetu.

Ninafika mahali pagumu. Tarehe 1 Agosti 1982 ilikuwa Jumapili. Asubuhi mapema nilifungua redio yangu, maana wakati huo nilikuwa na ndogo ya kwangu, nikisubiri saa ya ibada. Nikasikia sauti ninayoijua ikitangaza maneno nisiyoyategemea: kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa na wanajeshi. Alikuwa Mambo. Baadaye siku hiyohiyo majeshi yaliyoitii serikali yalikitwaa tena kituo cha redio, na sauti ileile ikawatangazia wananchi kwamba serikali bado ipo. Watu wengi walipoteza maisha Nairobi siku zile.

Baada ya ibada tulisimama chini ya mringaringa pale uwanjani, ule ulioanguka mwaka wa mvua nyingi, tukijadili. Nilikuwa kijana wa miaka 29, mwalimu, mwenye majibu mengi. Nikasema kwa sauti, watu wakisikia, kwamba mtangazaji yule ni kigeugeu na mwoga. Kwamba mtu aliyetuuliza uungwana kwa miaka 16 ameusahau kwa asubuhi moja. Kwamba mimi ningekuwa yeye ningekataa. Vijana wenzangu waliafiki.

Tulikuja kujua baadaye, kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyarudia mara nyingi, kwamba askari walimfuata nyumbani kwake usiku, wakamchukua, wakamfikisha studio na kumlazimisha kutangaza, bunduki zikiwa mbele yake. Lakini Mwinjilisti hakuhitaji kungoja maelezo hayo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mwalimu, mtu aliyeshikiwa bunduki usimpime kwa alichosema. Mpime kwa anachosema siku ambayo hakuna bunduki." Kisha akaenda zake kunywa chai.

Sikumwelewa. Nilimwona mzee anayemtetea mzee mwenzake, ingawa Mambo hakuwa mzee wakati ule.

Miaka tisa ikapita. Sasa nawaomba wageni wetu watusamehe, maana nitaeleza jambo la ndani, na wazee wenzangu wamenikubalia lielezwe. Mwaka 1991 nilikuwa msoma matangazo wa usharika huu. Kazi hiyo niliipenda, na sitaficha kwamba niliisoma kwa kumwiga Mambo, nikitamka kila neno mpaka mwisho. Mnakumbuka hali ya miaka ile. Mwaka 1989 mapatano ya dunia yaliyokuwa yakilinda bei ya kahawa yalikuwa yameporomoka, na bei ikaanguka vibaya. Nyumba zilizokuwa zikitoa ahadi bila shida zilishindwa. Usharika nao ulikuwa na deni la mabati. Ndipo ilipoonekana vema, katika kikao ambacho mimi pia nilikuwamo, kwamba orodha ya wasiomaliza ahadi isomwe kanisani, kila jina na kiasi chake.

Niliisoma. Niliisoma vizuri. Jina la saba lilikuwa la mama mmoja mjane aliyekaa benchi la tatu upande wa akina mama, benchi alilokaa tangu siku ya ndoa yake. Nilipotaja kiasi alichodaiwa, ambacho leo hakinunui hata kilo ya sukari, aliinuka polepole, akamshika mjukuu wake mkono, akatoka kwa mlango wa pembeni. Niliona. Nikaendelea na jina la nane.

Baada ya ibada Mwinjilisti, ambaye sasa alitembelea fimbo, alinisubiri mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia. Akasema maneno mawili tu. La kwanza lilikuwa lile swali la Mambo, alilitamka kama linavyotamkwa redioni. La pili alisema, "Na leo, Mwalimu, bunduki alikushikia nani?"

Wapendwa, nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu. Hakuna lililonipiga kama hilo. Nilikumbuka maneno yangu yote ya chini ya mringaringa. Mtu niliyemwita mwoga alisoma maneno ya watu wengine huku uhai wake ukiwa hatarini, na alipokuwa huru alirudi katika swali lake la kila siku na kuendelea nalo. Mimi nilisoma maneno ya kumwaibisha mjane nikiwa nimevaa suti, sina hofu ya mtu, na nilikuwa nimejiandaa nyumbani ili nisikosee kutamka.

Jumatatu jioni nilikwenda kwa yule mama. Alinipa kigoda, akanipikia chai, kana kwamba nimekuja kumsalimu tu. Nilipoomba radhi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, deni langu nalijua. Nilitaka kulilipa mwenyewe, nisisomewe." Sikuwa na la kujibu. Nilikunywa ile chai.

Katika kikao kilichofuata nilileta hoja kwamba orodha ya namna hiyo isisomwe tena kanisani, na kwamba kila msharika apewe habari zake mwenyewe katika bahasha yake. Palikuwa na mabishano makali, kwa sababu deni la mabati lilikuwa la kweli. Mzee mmoja aliuliza tutapataje fedha bila watu kuona aibu. Mwingine akamjibu kwa swali la Mambo, na kikao kizima kikacheka, na kicheko kile kikaamua jambo. Utaratibu wa bahasha umedumu hadi leo. Mkitafuta katika sura ya fedha ya kitabu hiki mtauona umetajwa kwa mstari mmoja. Mimi nimewaeleza ulikotoka. Na mabati tuliyamalizia, ingawa ilichukua miaka miwili zaidi.

Yule mama alirudi kanisani baada ya miezi mitatu. Alilipa ahadi yake yote. Lakini alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango wa pembeni, na hapo alikaa mpaka alipolala katika Bwana mwaka 2004. Hakurudi tena katika benchi lake la tatu. Nimelieleza hili ili tusidhani kwamba neno likishatamkwa hadharani linaweza kurudishwa. Msamaha alinipa, lakini benchi halikurudi.

Ndugu zangu, nina mambo mawili ya kuomba kabla sijakaa.

La kwanza ni kwa vijana. Siku zetu watangazaji walikuwa wachache, na ili mtu asikike ilimpasa kufika studio. Leo kila aliye na simu ni mtangazaji. Vikundi vyetu vya simu, pamoja na vile vya kwaya na vya jumuiya, hutangaza kwa dakika moja kuliko Mwinjilisti alivyotangaza kwa mwaka. Nimeona picha ya mgonjwa wetu akiwa kitandani, hajui kwamba amepigwa picha. Nimeona habari ya kifo ikisambazwa kabla mke wa marehemu hajaambiwa. Aliyeituma hakushikiwa bunduki na mtu. Kabla ya kubonyeza, jiulizeni lile swali la Mambo. Ni maneno manne tu, na hayamalizi chaji.

La pili ni kwa usharika. Kitabu hiki kina majina ya wachungaji wetu wote na picha zao, na ni haki yao. Lakini kwa miaka 100 usharika huu umebebwa pia na sauti ambazo hazikupigwa picha: waliopiga kengele alfajiri, waliopita nyumba kwa nyumba kutangaza msiba, waliosoma matangazo, na waliowasomea barua akina mama wasiojua kusoma bila kuitoa siri ya barua nje ya mlango. Nashauri kwamba kabla wazee waliobaki hawajatutoka, majina ya watu hao yakusanywe na kuhifadhiwa pamoja na kumbukumbu za usharika. Watu wa Freretown waliilinda kengele yao kwa sababu ilikuwa imewaonya kwa uaminifu. Nasi tuwakumbuke waliotuita kwa uaminifu.

Mambo alikuwa na kipaji, lakini wenye vipaji ni wengi. Mimi namheshimu kwa sababu alipewa masikio ya watu wengi kiasi kile na hakuyatumia kumdhalilisha hata mnyonge mmoja, yeye mzawa wa watu waliodhalilishwa kuliko wengi wetu. Alipolazimishwa alisema aliyolazimishwa, na alipokuwa huru alisema yaliyo yake. Mwinjilisti wetu, aliyemsikiliza kwa miaka yote hiyo kupitia redio yenye betri zilizoanikwa ukutani, alimwelewa kabla yetu sote. Hawakukutana hata siku moja.

Usharika wetu unaanza karne ya pili. Naomba tuianze tukiwa watu wanaojua kuuliza swali hilo, kwanza sisi kwa sisi humu ndani, na kila mmoja aanze na nafsi yake.

 Mungu aubariki usharika wetu, aibariki dayosisi yetu, na awafariji wote waliompoteza ndugu yetu Mambo.